Kilombero msimu wa kuamia ndege: kwa anayetaka kushuka bondeni

Wageni wengi wanaokwenda Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, huishia Mang'ula. Wanashuka kwenye basi, wanapanda Udzungwa kuyaona maporomoko ya Sanje, kisha wanageuza. Bonde lenyewe wanalitazama kutoka juu: tambarare ya kijani isiyo na mwisho, mto katikati, na ng'ambo milima ya Mahenge. Mimi nilitaka kufika huko chini. Rafiki yangu ninayefanya naye kazi Dar es Salaam amezaliwa katika kijiji kimoja cha upande wa Mbingu, wazazi wake bado wanalima mpunga, na kwa muda mrefu alikuwa akinisisitiza twende wote. Tulikwenda mwezi wa Mei, msimu wa kuamia, yaani kulinda mpunga usiliwe na ndege. Tangu nirudi nimeulizwa sana habari za safari ile, nikaona heri niandike, maana yapo mambo ambayo mtu akiyajua mapema ataokoa fedha, atalinda afya yake, na hatawaelemea wenyeji wake.

Kubwa kuliko yote ni msimu. Kilimo cha Kilombero kwa sehemu kubwa kinafuata mvua na mafuriko ya mto. Watu wanaandaa mashamba kuanzia Novemba na Desemba na kupanda mvua zikishika. Machi na Aprili mto unatapika, maji yanasambaa kila upande na njia nyingi za ndani hazipitiki. Mei mpunga unajaza punje, Juni na Julai watu wanavuna, na kuanzia Agosti bonde linakauka na kugeuka vumbi. Kama unataka safari nyepesi, nenda Julai: njia zimekauka, wali upo, na watu wana furaha ya mavuno. Kama unataka kuielewa kazi ya watu hawa, nenda Mei, lakini ujue unakwenda wakati mgumu.

Ugumu huo mimi niliuona mezani. Nilikuwa nimejiandaa kula wali wa Kilombero asubuhi na jioni, lakini siku za mwanzo tulikula ugali, tena wa unga wa kununua dukani. Rafiki yangu alinieleza usiku, kwa sauti ya chini, kwamba Mei ni miongoni mwa miezi ya njaa kwa mkulima wa mpunga. Mavuno ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado yamesimama shambani, na akiba ya fedha imeingia kwenye palizi na dawa za magugu. Wengine hulazimika kuuza mpunga ungali mbichi shambani, kwa mfanyabiashara anayetoa fedha leo na kuja kuchukua magunia wakati wa mavuno, kwa bei ya chini sana. Iliniuma kuona kwamba mimi ninayekula mchele wao mwaka mzima mjini nimewafikia siku ambazo wao wenyewe hawana. Kwa hiyo, ukienda Aprili au Mei, usiende mikono mitupu. Pitia sokoni katika mji wa Ifakara, nunua unga, sukari, mafuta ya kula, maharage, sabuni na betri za tochi. Mkabidhi mama mwenye nyumba mwenyewe, bila maneno mengi. Bahasha ya kuagia ni jambo jema pia, ila chakula kikiletwa siku ya kwanza kinamwondolea mwenyeji fadhaa ya kukopa dukani kwa ajili yako.

Kufika Ifakara si kazi. Basi linapita Morogoro hadi Mikumi, linaacha barabara kuu ya Iringa na kushika kusini kuelekea Kidatu. Unavuka Mto Ruaha Mkuu, unapita mashamba ya miwa, halafu mlima unakusindikiza mkono wa kulia hadi karibu na Ifakara. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, kilichokuwa kikiwatesa wasafiri, sasa ni lami. Njia nyingine ni reli. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na inakata bonde hili kwa urefu. Kwa vijiji vya Mbingu, Mngeta na Mlimba reli ndiyo iliyokuwa barabara yao kwa miaka mingi, na wazee bado wanahesabu mambo kwa kusema kabla ya reli na baada ya reli. Ukitaka treni, ulizia ratiba stesheni karibu na siku ya safari, na uache nafasi ya siku moja mbele na nyuma.

Kutoka Ifakara kuingia ndani ndiko fedha inakokutoka. Barabara ya kuelekea Mlimba ilikuwa bado ya udongo nilipopita, na mvua za mwisho zilikuwa hazijakatika. Gari dogo la abiria lilitufikisha mahali, likakwama, tukamalizia na bodaboda. Kipande kile kifupi cha mwisho kilitugharimu karibu sawa na nauli ya basi kutoka Dar, na sikumlaumu kijana aliyetubeba: alishuka mara kwa mara kuisukuma pikipiki kwenye tope lililomfika magotini. Mwombe mwenyeji wako akuchagulie mtu anayemfahamu, mkubaliane bei kabla hujapanda, beba noti ndogondogo, na funga mizigo kwenye mfuko wa nailoni. Mabuti ya mpira yanauzwa Ifakara. Nunua hapo kabla hujaondoka.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya kwenda popote, baba wa rafiki yangu alinipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha ofisi ya kijiji kwa mtendaji, nikasaini kitabu cha wageni. Nilidhani ni desturi tu ya heshima. Njiani mzee akanifafanulia. Ardhi ya Kilombero inatafutwa na wengi: wakulima kutoka mikoa mingine, wafugaji, kampuni za miwa, mpunga na mitiki, na serikali kwa ajili ya hifadhi. Sehemu ya bonde imo ndani ya Pori la Akiba la Kilombero, na zipo bikoni, yaani alama za mipaka, ambazo watu wanazitazama kwa wasiwasi kwa sababu shamba la mtu linaweza kujikuta upande usio wake. Mtu wa mjini akionekana pembezoni mwa shamba na simu mkononi, anapiga picha na kuandika kwenye daftari, kinachowajia watu kwanza ni kwamba amekuja kupima. Salamu zikishafika kwa mwenyekiti, habari inazunguka kwamba huyu ni mgeni wa mzee fulani, na utapokewa vizuri kila utakapopita. Picha ya mtu au ya shamba lake, omba kwanza. Na anzia salamu kwa mkubwa: shikamoo mzee, shikamoo mama, halafu subiri. Huko watu hawakimbilii hoja. Wataulizana kwanza habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa, ndipo shida yako itafika.

Baada ya hapo tukaenda shamba, na shamba haliko kijijini. Tangu operesheni vijiji ya miaka ya 1970, familia nyingi zilisogezwa kando ya barabara na reli, lakini udongo mzuri wa mpunga ulibaki kule kule chini karibu na mto. Ndiyo maana kila msimu watu wanahamia shambani na kuishi huko kwa wiki na miezi, kwenye madungu.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, sakafu yake ni fito zilizofungwa kwa kamba, paa ni nyasi, na unapanda kwa ngazi ya magogo mawili. Chini unawashwa moto wa kupikia, na moshi wake unapenya kwenye fito na kukufikia ulipolala. Kimo kile kina sababu zake. Maji yakipanda usiku unabaki mkavu, na kiboko au nguruwe pori akija kula mpunga unamwona kabla hajakufikia. Usiku wangu wa kwanza juu ya dungu sikulala. Nilisikia vyura kwa maelfu, halafu wakanyamaza ghafla, na mzee akasema tu, "Anapita." Akachukua kijinga cha moto, akapiga debe mara kadhaa. Kitu kikubwa kikajitosa majini. Mwoga wa giza au mwenye mtoto mdogo namshauri alale kijijini na kwenda shamba mchana.

Kazi ya Mei ni kuamia. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanajua. Wanakuja alfajiri kabla jua halijachomoza, na kwelea kwelea wakishuka kwa kundi, jaruba zima linaweza kuliwa huku unatazama. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri mtu ameshasimama shambani, na hatoki hadi jioni. Mama wa rafiki yangu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na kombeo la kamba ya katani na rundo la tonge za udongo alizozifinyanga na kuzikausha juani. Anaweka tonge moja, anazungusha mara mbili juu ya kichwa, anaachia ncha moja, na kabla tonge halijaanguka ile kamba inapasua hewa kwa mlio mkali. Kulenga ndege si lazima, mlio unatosha kuwanyanyua. Kutoka kwenye dungu zilikuwa zimetandazwa kamba zenye makopo kila upande, na ukivuta moja, kona nzima ya shamba inalia. Kati ya kombeo na makopo ni sauti yake mwenyewe. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, na ifikapo jioni hakuweza kuniita tena, sauti ilikuwa imekwisha.

Mimi nilisimama zamu yangu nikachoka kabla ya adhuhuri. Jua linapiga kutoka juu na kutoka kwenye maji, nyasi za mpunga zinakata mikono, na akili haipumziki hata kidogo, maana ukikaa chini dakika chache wanarudi. Wanaofanya kazi hii kwa wingi ni akina mama, wazee na watoto. Nilikuta watoto ambao kwa wiki zile hawakuwa wakienda shule kila siku. Kuna mama mmoja jirani aliniambia analijua kosa hilo, ila akimpeleka mtoto shule na shamba likaliwa, hatakuwa na ada wala daftari za mwakani. Sikuwa na jibu la kumpa. Kwa mgeni, njia nzuri ya kuwashukuru watu hawa ni kushika zamu. Mwenyeji akipata saa mbili za kwenda kuoga na kupumzika kwa sababu wewe umesimama badala yake, umemsaidia kweli.

Sasa niseme habari ya mbu, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Chandarua nilikuwa nacho na nililala ndani yake kila usiku. Lakini maisha ya shambani yako nje: mnakula nje, mnaota moto nje, na unashuka kwenye dungu alfajiri mbu wakiwa bado wako kazini. Homa ilinishika siku chache baada ya kutoka shambani, kichwa kikaniuma hadi macho. Zahanati walinitoboa kidole kwa kipimo cha haraka, kikasoma malaria, nikapewa dawa mseto na kuambiwa nimalize vidonge vyote hata nikijisikia nafuu. Nilipona, ila siku za mwisho za safari nilizitumia kitandani, na mama wa watu akaacha ndege wake kuja kunipikia uji. Chukua nguo za mikono mirefu na soksi kwa ajili ya jioni na alfajiri, beba mafuta ya kupaka ya kufukuza mbu, na zungumza na daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, hasa kama ni mjamzito, una mtoto mdogo, au unatoka mahali pasipo na malaria. Homa ikikupata hata baada ya kurudi nyumbani, pima, na mwambie mhudumu ulikuwa Kilombero.

Bonde hili lina historia ndefu ya mapambano na ugonjwa huo. Ifakara pamekuwa na utafiti wa magonjwa ya kitropiki tangu katikati ya karne iliyopita, ulioanzia katika maabara ndogo ya Waswisi ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia 1997 vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa watoto waliokuwa wakilala ndani yake walinusurika zaidi kuliko wasiovitumia. Mama wa rafiki yangu analikumbuka jina hilo. Anasema wanawe wakubwa walilelewa bila chandarua na wadogo walilelewa nacho, na tofauti aliiona mwenyewe kwa idadi ya safari za hospitali.

Siku moja kabla ya homa tulivuka mto kwa mtumbwi. Wandamba, ambao wamekuwa wavuvi na wakulima wa mpunga wa bonde hili tangu zamani, wanaujua mto kwa vina vyake na kwa tabia za wanyama wake. Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, ukikaa vibaya unayumba, na mimi niliogopa tangu tulipoacha ukingo. Mpiga kafi alinipa masharti mafupi: kaa chini kabisa, mikono ndani, usisimame hata ukiona nini. Katikati aliacha kupiga kafi, akatuelekeza kwa kidevu. Viboko walikuwa mbele, masikio tu yako juu ya maji. Tulizunguka mbali, taratibu, kwenye maji mafupi karibu na matete. Kama mpiga kafi wako anasema leo hatuvuki, ahirisha bila kubishana. Na kama shida yako ni kufika tu Lupiro au Mahenge, huna haja ya mtumbwi: tangu 2018 kuna daraja refu hapo Ifakara, mahali ambapo zamani watu walivushwa kwa pantoni.

Ng'ambo tulitembelea boma la familia ya Wasukuma. Kijijini nilikuwa nimesikia sana malalamiko kuhusu ng'ombe wanaoingia mashambani, na malalamiko yale ni ya haki. Niliona jaruba lililokanyagwa lote, mwenyewe amekaa kwenye tuta hasemi kitu. Lakini pale bomani nilikaribishwa maziwa, nikasimuliwa upande mwingine: jinsi walivyotoka kaskazini malisho yalipoisha, na jinsi mwishoni mwa 2012 operesheni ya kuondoa mifugo bondeni ilivyowaacha wengine bila kitu. Mzee wa boma na baba wa rafiki yangu walisalimiana kwa majina. Mmoja hukodi maksai kwa mwenzake wakati wa kulima, mwingine hununua pumba. Mgeni akifika asikilize pande zote mbili, na maneno aliyoyasikia upande mmoja asiyabebe kuyapeleka upande wa pili. Sisi tunaondoka. Wao watabaki na hayo maneno.

Nilipopata nguvu tulimalizia Mang'ula. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na malipo ya kiingilio hayapokelewi taslimu, kwa hiyo weka fedha kwenye simu au kadi. Maporomoko ya Sanje yana kimo cha mita 170 hivi, na njia inapanda sana. Aliyetoka kuugua asiende, mimi niliishia nusu ya njia. Kuna aina moja ya kima anayeitwa kwa jina la kijiji cha Sanje, haishi popote duniani ila milima hii, na wanasayansi walimtambua 1979 tu. Walimsikia analia, na mtu wa huko aliyekuwa akiwaongoza ndiye aliyewatajia mnyama huyo ni yupi, kwa jina ambalo kwao lilikuwa la kawaida kabisa. Ukifika, tafuta mwongozaji aliyezaliwa vijiji vya chini ya mlima, na umpe nafasi ya kuzungumza.

Kuhusu mchele wa kubeba nyumbani: Mei usiombe, wala usikubali ukipewa. Ukienda Julai utaukuta kila mahali, mpunga umeanikwa kwenye maturubai na mashine za kukoboa zinanguruma hadi usiku. Ulizia Supa kama unataka mchele wenye harufu. Saro unazaa vizuri zaidi na wakulima wengi wanaupenda kwa hilo, lakini kwa kunukia haumfikii Supa. Shika kiganja kimoja, utazame chenga ni nyingi kiasi gani, na tafuna punje mbili, kwani mchele uliokobolewa mbichi hauvunjiki kwa mlio na hautakaa stoo. Nunua kwa kilo, kwenye mizani. Gunia la rumbesa, lile lililovimba juu na kushonewa kofia ya kamba, linamnyang'anya mkulima debe zima kwa bei ya gunia moja, na mnunuzi wa mjini akilikubali kwa sababu ni rahisi, hasara hiyo anaibeba mama aliyekesha na kombeo.

Sisi tulikubaliana na familia ile utaratibu wetu. Mwanzoni mwa Mei, mimi na rafiki yangu pamoja na wenzetu kadhaa kazini tunatuma fedha ya sehemu ya mchele tutakaoununua, ili wasilazimike kuuza mpunga ukiwa shambani. Mwezi wa Julai wanakoboa, wanapima kilo, tunamalizia malipo kwa bei ya soko la Ifakara ya siku hiyo, na mzigo unapakiwa kwenye basi. Mwaka wa kwanza uzito ulitimia, na mama alituma ujumbe wa sauti kuuliza kama mwakani tunaweza kuanza Aprili.